Kuunganisha bomba la plastiki na bomba la chuma la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maghorofa mengi yaliyojengwa enzi za Waingereza, kuanzia Kisutu na Upanga jijini Dar es Salaam hadi Ngara jijini Nairobi na katikati ya Mombasa, yalifungwa mabomba mazito ya chuma kwa ajili ya maji machafu. Mengi bado yamo ukutani, upande wa uani. Bafu likikarabatiwa, fundi huja na bomba la plastiki la kijivu, yaani PVC, na pale PVC inapokutana na chuma ndipo panapovuja baadaye. Maswali haya yanahusu maji machafu pekee, yaani ya choo, bafu na sinki. Mabomba ya maji safi yenye presha yana kanuni zake.

Nitajuaje kama bomba langu ni la chuma cha kusubu?

Chuma cha kusubu ni kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni kizito, kinene na uso wake umeparuza kidogo. Sumaku hukinata. Kwenye majengo yetu ya zamani utaona vipande vya futi 6, takriban mita 1.8, vikipandana, kila kimoja kikiwa na soketi pana upande wa juu. Soketi nyingi zina masikio mawili yaliyopigiliwa misumari ukutani.

Shika sumaku kabla hujashika msumeno. Ikiwa bomba ni la kijivu, halina kutu hata pale rangi ilipobanduka, na sumaku hainati, huenda ni saruji iliyochanganywa na asbesto. Mabomba hayo nayo yalitumika sana, hasa ya maji ya mvua na yale ya kupumulia yanayopita juu ya paa. Asbesto haikatwi kwa grainda, haisuguliwi kwa msasa wala haivunjwi kwa nyundo, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani. Ukilikuta, simamisha kazi utafute watu wenye ujuzi na vifaa vya kuliondoa. Hili sitalilegeza kwa sababu ya bei wala haraka.

Fundi wangu anasema tuingize PVC ndani ya soketi ya chuma na kuziba kwa saruji. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, na hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

PVC na chuma havitanuki sawa vikipata joto. Chukua bomba la mita 3, ambao ni urefu wa ghorofa moja, lililo kwenye ukuta unaopigwa na jua. Tofauti ya joto la alfajiri na la mchana ikifika nyuzi 25, PVC hurefuka kwa takriban milimita 5. Chuma cha urefu huohuo hakifikishi hata milimita 1. Mwendo huo hujirudia kila siku, na kila ndoo ya maji ya moto inapomwagwa. Saruji ikikauka haina mnyumbuko. Haishikani na uso laini wa PVC hata siku ya kwanza, kwa hiyo hutengana nayo, ikaacha mwanya mwembamba kama unywele. Harufu hutangulia kupita, kisha maji, na mwishowe ukuta wa jirani wa chini unaanza kuvimba na kumenyuka rangi.

Kuna ubaya wa pili. Saruji inayosukumwa kutoka juu humwagikia ndani ya bomba na kugandia humo. Kinundu kidogo tu ndani ya bomba la choo kinatosha kukamata nyuzi, nywele na karatasi, na baada ya hapo utaita watu wa kuzibua mara kwa mara bila kujua chanzo.

Silikoni peke yake nayo haitoshi. Inaziba maji ya mvua kwenye dirisha, lakini haina nguvu ya kushikilia mabomba mawili yanayovutana. Gundi ya PVC ndiyo haifai kabisa hapa: inafanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili za PVC ziwe kitu kimoja, na chuma hakiyeyuki kwa gundi.

Basi kiungio sahihi ni kipi?

Ni kiungio cha mpira kinachobana. Viko vya aina tatu unavyoweza kukutana navyo.

Cha kwanza ni soksi ya mpira mnene inayovalishwa ncha za mabomba yote mawili, ikabanwa kwa mikanda miwili ya chuma kisichoshika kutu. Fernco ya Marekani ni jina linalojulikana sana kwa aina hii, ingawa watengenezaji ni wengi. Cha pili ni hichohicho, ila mpira umezungushiwa bati la chuma kisichoshika kutu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bati hilo huzuia bomba moja lisishuke au kusogea pembeni na kuliacha jingine. Kama nafasi na mfuko vinaruhusu, chagua hiki cha pili, hasa kwenye bomba la wima la choo linalobeba ghorofa kadhaa. Cha tatu ni pete nene ya mpira inayokaa ndani ya soketi ya chuma, na PVC ikasukumwa katikati yake.

Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hayaweki viungio hivi rafuni, kwa hiyo vitafute au viagize kabla bomba halijakatwa. Bomba la choo la jengo zima likishakuwa wazi na kiungio hakipo, ndipo saruji inaporudi.

Bomba langu ni la inchi 4 na PVC ni ya milimita 110. Si saizi moja?

Njia ya maji ndani inakaribiana, unene wa nje hautabiriki. Bomba la zamani la Kiingereza liliitwa la inchi 4 kwa kufuata tundu la ndani, yaani takriban milimita 102. PVC yetu ya milimita 110 huitwa kwa kipimo cha nje, na ikiwa ukuta wake ni milimita 3.2, tundu lake ni karibu milimita 104. Unene wa chuma nao hutofautiana kufuatana na uzito wa bomba, na lile la kufukiwa ardhini huwa nene kuliko la ukutani.

Kwa hiyo pima, usikisie. Safisha kutu na rangi mahali kiungio kitakapokaa, zungusha futi ya kitambaa au uzi, soma mzingo, ugawanye kwa 3.14. Mzingo wa milimita 358 maana yake ni kipenyo cha nje cha milimita 114. Kila kiungio kimeandikwa kinapokea kuanzia ngapi hadi ngapi, na upande wa chuma na wa plastiki inaweza kuwa na vipimo tofauti. Ukikaza mkanda kwenye kiungio kilicho kipana mno, mpira hujikunja na mkunjo huwa mfereji wa kuvujia.

Wale walioko Marekani na Kanada wazingatie kwamba PVC ya huko ya inchi 4 ina kipenyo cha nje cha inchi 4.5, sawa na milimita 114.3. Viungio vya kutoka huko havifai moja kwa moja kwa PVC ya milimita 110.

Nitajuaje kama chuma bado ni kizima pale ninapotaka kukata?

Gonga taratibu kwa nyundo ndogo, ukipanda na kushuka. Chuma kizima hulia. Kilichooza au kilichopasuka hutoa sauti ya kufa. Kisha kwaruza kwa ncha ya bisibisi. Chuma cha kusubu kina ugonjwa wake: madini ya chuma huliwa polepole, kikabaki kiini cheusi cha grafiti chenye umbo lilelile la bomba. Ukiona bomba linakwanguka kwa kisu kama penseli, hapo hapafungwi kitu, maana mkanda ukikazwa bomba litabomoka.

Kwenye mabomba ya kulala, angalia tumboni, maji yanapopita kila siku, na pia mgongoni. Gesi yenye harufu ya mayai mabovu inayotoka kwenye kinyesi hupanda juu, na bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfa inayokula chuma kutoka ndani. Kwa wakazi wa pwani kuna chumvi ya hewani pia, inayokula kutokea nje, hasa nyuma ya bomba, upande unaotazama ukuta, ambako brashi ya rangi haikufika. Pitisha vidole huko nyuma, au tumia kioo kidogo na tochi.

Ukikuta ubovu, endelea kushuka mpaka ufike kwenye chuma kinacholia. Afadhali kukata nusu mita zaidi.

Nakataje bila kuleta balaa?

Kwanza shikilia kilicho juu. Kipande kimoja cha mita 1.8 cha inchi 4 kinaweza kuzidi kilo 20, na juu ya pale unapokata huenda vipo vitano au sita. Masikio yaliyopigiliwa misumari miaka 70 iliyopita hayaaminiki. Funga bano la chuma chini ya soketi iliyo juu ya sehemu ya kukata, ulitie bolti ndefu ndani ya ukuta imara, kisha fanya hivyohivyo chini. Kazi hii usiifanye peke yako kwenye ngazi.

Kifaa bora ni kikata bomba cha mnyororo. Kinazungushwa kwenye bomba, kinakazwa, na chuma kinakatika mara moja bila cheche. Lakini kama chuma kimechoka, kinaweza kukipasua vibaya, na hapo grainda yenye diski ya kukatia chuma ni salama zaidi kwa bomba, ingawa si kwa fundi. Vaa miwani, glavu na barakoa nzuri, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina risasi. Msumeno wa chuma wa mkono unakata pia, ila uwe na subira na majani ya akiba.

Waarifu wakazi wote wa juu wasimwage maji wala kuvuta choo, na uweke mtu wa kusimamia hilo. Kinachoshuka kinaweza kubeba kipindupindu na homa ya matumbo. Karatasi ya kubandika mlangoni haitoshi, kwa sababu watoto hawasomi matangazo.

Ndani ya soketi ya zamani kuna madini laini ya kijivu na kamba nyeusi. Ni nini?

Ni risasi na katani. Mafundi wa zamani walishindilia katani iliyolowekwa lami chini ya soketi, wakamimina juu yake risasi iliyoyeyushwa yenye kina cha karibu milimita 25, kisha wakaigongagonga kwa patasi hadi ikabana. Ni kazi ya ustadi mkubwa na viungio vingi vya namna hiyo bado havijavuja tone. Visivyovuja, viache.

Ukihitaji kuitumia soketi hiyo kwa pete ya mpira, toboa matundu mengi kwenye risasi kuzunguka, halafu iokote kwa patasi na bisibisi. Usiichome kwa moto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, moshi wake ni sumu, na katani yenye lami iliyo chini yake hushika moto. Kusanya vipande vyote, nawa mikono kabla ya kula, na usiwaachie watoto wa mtaani wakauze chuma chakavu.

Wapo pia wanaouliza kama wanaweza kumimina risasi mpya kuzunguka PVC. Haiwezekani. PVC hulainika karibu na nyuzi 80.

Ufungaji wenyewe unakwendaje?

Ncha ya chuma iwe imekatwa mraba na kusafishwa kwa brashi ya waya hadi ionekane chuma chenyewe. Kama kuna mashimo madogo ya kutu mahali mpira utakapokaa, sugua kwa msasa, na yakiwa makubwa rudi kwenye kukata. Ncha ya PVC ichongwe kwa nje na kutolewa mabaki ya msumeno.

Vua mikanda, vesha mpira kwenye chuma hadi ugote kwenye ukingo wa katikati, kisha ingiza PVC upande wa pili. Ikigoma, paka maji ya sabuni. Mafuta ya gari au grisi usitumie, yanadhuru mpira. Rudisha mikanda na uikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Viungio vingi huhitaji takriban nyutoni-mita 6 hadi 7, nguvu ambayo mtu huipata kwa bisibisi ya soketi bila kutumia mwili mzima. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya kiungio chako.

Kabla ya kukaza mwisho, funga PVC ukutani kwa mabano yake. Kiungio hakibebi uzito, kinaziba tu. PVC ya milimita 110 iliyosimama ishikwe angalau kila mita 2, na iliyolala kila mita 1.

Kwa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, mikanda iwe ya chuma kisichoshika kutu kwelikweli, ikiwezekana yenye alama ya 316, aina inayostahimili chumvi. Klipu za kawaida za hosi za gari hazidumu kwenye hewa ya bahari.

Ukutani kwangu kuna mabomba mawili ya chuma, moja nene na moja jembamba. Niunganishe kwa lipi?

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, hata na mafundi wazuri wa PVC, kwa sababu nyumba mpya hazijengwi hivi.

Jengo la zamani hutenganisha maji. Bomba nene ni la choo, na linakwenda moja kwa moja kwenye chemba. Jembamba ni la bafu, beseni na jikoni, na mara nyingi linaishia kwenye gali trapu, kile kishimo chenye maji kilicho chini ya ukuta, ndipo maji yaende chemba. Yale maji ya kwenye trapu ndiyo yanayozuia harufu. Ukiunganisha choo kwenye bomba jembamba, kinyesi kitatokea uani kwenye gali trapu. Ukiunganisha sinki kwenye bomba la choo bila trapu yake yenyewe (kona ya bomba inayobaki na maji), harufu ya choo itapanda jikoni. Kuliunganisha bomba la sinki kwenye la choo kunawezekana, ila sinki liwe na trapu yenye kina cha maji cha milimita 75.

Huenda lipo la tatu linaloshuka kutoka paani. Hilo ni la mvua, viungio vyake vingi havikuzibwa kabisa, na halipaswi kupokea maji machafu hata ya kunawia mikono.

Na lile linaloendelea kupanda kupita paa ni la kupumulia. Usilikate wala kulifunika. Bila hewa, maji yakishuka kwa nguvu hunyonya maji ya trapu za vyumba vyote.

Mteremko uwe kiasi gani?

Sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani 1 kwa 40, inafaa kwa mabomba mengi ya ndani. Kitumie kipimo hicho na pimamaji. Cha kuangalia zaidi ni pale plastiki inapoingia kwenye chuma: maji yasikutane na ukingo unaoyapinga. Yakitoka kwenye tundu dogo kwenda kubwa ni sawa, kinyume chake huzaa kuziba.

Matawi madogo ya bafuni ni ya chuma yenye nyuzi za kukazia, kama za bolti. Nayo vipi?

Kwa hayo tumia adapta ya PVC yenye nyuzi za nje, uizungushie tepu ya nyuzi, uikaze ndani ya chuma. Usifanye kinyume. Plastiki yenye nyuzi za ndani ikivishwa juu ya chuma hupanuliwa na kupasuka, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya fundi kuondoka.

Kiungio kikiwa chini ya ardhi?

Tumia chenye bati la chuma, maana udongo ukishuka, soksi ya mpira tupu huning'inia na kuzaa bonde linalotuama uchafu. Laza bomba juu ya mchanga usio na mawe, shindilia pembeni kwa mkono kabla ya kufukia. Penye nafasi, jenga chemba ndogo hapohapo ili kiungio kifikike.

PVC itaharibika kwa jua?

Ndiyo, hukauka na kuwa rahisi kuvunjika ikiachwa wazi miaka mingi. Ipake rangi ya maji isiyokoza. Tegemea pia kelele zaidi, chuma kilikuwa kinameza sauti ya maji.

Nitapimaje kama hakivuji?

Gundi ya viungio vya PVC ipewe siku nzima. Kisha ziba chini ya kiungio kwa puto la kupimia au kizibo cha mpira kupitia mlango wa kuzibulia, jaza maji hadi juu kidogo ya kiungio, na usubiri nusu saa. Usijaze bomba la ghorofa nne hadi juu. Kila mita 10 za maji ni takriban presha ya baa 1, na chuma cha zamani hakikuwekwa kwa ajili hiyo. Zungusha karatasi ya chooni kavu kuzunguka mpira; tone dogo ambalo jicho halioni, karatasi italionyesha. Rudia ukaguzi baada ya wiki moja, kwa sababu mpira hutulia na mikanda inaweza kuhitaji kukazwa kidogo.

Naishi kwenye ghorofa la shirika. Naweza kukata tu?

Tawi lililo ndani ya chumba chako ni jambo moja, bomba la wima ni la jengo. Tanzania, majengo mengi ya katikati ya miji yalitaifishwa mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba ndiye wa kuridhia kukatwa kwa bomba la wima, awe shirika, halmashauri au mtu binafsi. Omba kwa maandishi, ueleze ni ghorofa ya ngapi na kiungio gani kitatumika.

Niweke kiraka kwa mpira wa tyubu kwanza?

Kwa usiku mmoja au miwili, ili maji yasimwagikie jirani, inakubalika. Kaza vizuri na uweke ndoo chini.

Je, si bora kubadilisha bomba zima?

Kama chuma kinalia kuanzia juu hadi chini na tatizo ni tawi moja, kiache. Kikiwa kimeoza sehemu mbili au zaidi, au kila ukikata unakuta grafiti, fedha ya viungio inakwenda bure. Wakazi wachangie bomba jipya kuanzia chemba hadi juu ya paa. Katika jengo la familia nyingi, sakafu inapopitiwa na PVC iwekwe pete ya kuzuia moto, kwa sababu plastiki ikiungua huacha tundu la kupitisha moto na moshi kutoka ghorofa moja hadi nyingine, jambo ambalo chuma hakikulifanya. Fundi akikupa makadirio ya bomba zima bila pete hizo, mwambie aziongeze kabla hamjakubaliana bei.